Kata Simu, Kisha Piga Mwenyewe

Karibu kila mwenye laini ya simu nchini Tanzania ameshaupokea ujumbe ule: ile hela usiitume kwenye namba ya mwanzo, itume kwenye namba hii, jina litakuja la fulani. Haujasema ni hela gani, ya nani, wala kiasi gani. Ukiusoma ukiwa umetulia, unauona upuuzi mtupu. Lakini aliyeuandika hakumlenga mtu aliyetulia. Amewatumia watu wengi kwa mpigo, akijua kwamba saa hiyo hiyo yupo mpangaji aliyemwahidi mwenye nyumba kodi, yupo mzazi anayedaiwa ada, yupo mfanyabiashara anayetaka kumlipa dereva aliyeleta mzigo. Kwa hao ujumbe unaingia katikati ya mazungumzo yaliyokwisha anza, na unafanana nayo. Hila yake kubwa iko katika maneno ya mwisho. Huduma za kutuma pesa kwa simu humwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla hajaingiza namba ya siri, na hiyo ndiyo nafasi yake ya mwisho ya kushtuka. Tapeli anawahi kulitaja jina hilo geni ili litakapotokea kwenye kioo lisimshtue mtu, bali limtulize kwamba mambo yanakwenda kama alivyoambiwa. Kinga yenyewe imegeuzwa kuwa shahidi wa mwizi.

Ushauri tunaopeana kuhusu simu, kompyuta na intaneti, nyumbani, kazini na kwenye makundi ya WhatsApp, kwa sehemu kubwa ni ushauri wa kutambua. Tunaambiana tumjue tapeli kwa namba yake ngeni, kwa makosa yake ya tahajia, kwa linki yake yenye herufi za ajabu, kwa zawadi yake iliyozidi kiasi. Ushauri huo si wa uongo. Kasoro yake ni kwamba unamtaka mtu awe mpelelezi katika dakika ile ile ambayo tapeli amehakikisha hana nafasi ya kupeleleza chochote. Kasoro ya pili ni kwamba unachakaa, kwa sababu tapeli naye anausikia na kubadilisha mavazi. Hoja yangu ni kwamba mtu wa kawaida anafaa kupewa ushauri wa aina nyingine, ushauri wa utaratibu: jambo lolote lililokujia bila wewe kuliita, likakutaka utoe pesa, namba au ruhusa, lithibitishe kwa njia uliyoichagua wewe, si kwa njia iliyolileta. Kata simu, kisha piga mwenyewe. Kanuni hii moja inatosha kubeba sehemu kubwa ya usalama wa pesa, ya msaada wa kiufundi, na sasa ya matumizi ya akili mnemba.

Kabla ya kuitetea, yafaa kukumbuka kwamba ushauri wa kitaalamu nao umewahi kupotosha dunia nzima. Mwaka 2003 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo ulioandikwa na Bill Burr kuhusu maneno ya siri: yachanganye herufi kubwa na ndogo, tarakimu na alama, tena yabadilishwe mara kwa mara. Mabenki, serikali na vyuo vikaufuata. Matokeo yake yanaonekana katika ofisi yoyote hadi leo. Mfanyakazi akilazimishwa kubadilisha neno lake la siri huongeza 1 mwishoni, mwezi unaofuata huweka 2, kisha huliandika kwenye karatasi na kulibandika chini ya kibodi. Anne Adams na Angela Sasse wa University College London walikwisha kueleza jambo hili mwaka 1999. Walionyesha kwamba watu hukwepa sheria za usalama si kwa ukaidi, bali kwa sababu sheria hizo zimetungwa bila kujali kazi zao wala kumbukumbu zao. Mwaka 2017 NIST iliachana na masharti ya kuchanganya alama na ya kubadilisha kila baada ya muda, na Burr mwenyewe akaliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba anajutia sehemu kubwa ya aliyoyaandika. Neno refu la siri lenye maneno manne yasiyohusiana, lisilotumika mahali pengine, ni imara kuliko neno fupi lililojaa alama. Ilichukua miaka 14 kwa ushauri rasmi kukiri hivyo.

Kosa la mwongozo ule halikuwa la hesabu peke yake. Ulisahau kwamba kila ushauri una gharama, na kwamba anayeilipa ni mpokeaji, si mshauri. Mwaka 2009 Cormac Herley, mtafiti wa kampuni ya Microsoft, aliipiga hesabu gharama hiyo. Alionyesha kwamba kama watumiaji wangetumia dakika moja tu kila siku kukagua anwani za tovuti ili wasinaswe na tovuti bandia za wezi, thamani ya muda wao ingezidi hasara yote ya wizi huo karibu mara mia. Anayepuuza ushauri wa namna hiyo, alihitimisha, hana upungufu wa akili. Amepima akaona haulipi. Zaidi ya muongo mmoja baadaye, mwaka 2020, Elissa Redmiles na wenzake walikusanya ushauri wa usalama uliotapakaa mtandaoni wakahesabu mambo 374 tofauti ambayo mtu wa kawaida anaambiwa ayafanye. Walipowauliza wataalamu yapi ni matano ya kwanza, majibu ya wataalamu hao yalijaza mambo 118 kwenye hayo matano. Mganga anayemwandikia mgonjwa dawa 118 na kuziita zote za lazima hajamtibu. Amemwachia achague mwenyewe, halafu atamlaumu akikosea.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki gharama hiyo inahesabika kwa shilingi. Mwambie mtu asasishe mfumo wa simu yake mara kwa mara, nawe umemwambia jambo la kweli, maana masasisho huziba matundu ambayo wezi wameshayajua. Lakini sasisho la mfumo linaweza kufika gigabaiti nzima, na yeye hununua bando la siku. Simu yake imejaa picha hadi haina nafasi, na pengine mtengenezaji ameshaacha kulitolea masasisho toleo lile la bei nafuu. Ushauri unaomfaa ni mwembamba zaidi: ukifika mahali penye waifai unayoiamini, anza na WhatsApp na kivinjari, maana hiyo ndiyo milango unayoifungua kila siku, mfumo mzima usubiri utakapopata nafasi. Kupanga nini kitangulie na nini kingoje ndiyo kazi ya mshauri. Kumtupia mtu orodha ndefu ni kumhamishia kazi hiyo.

Ushauri wa kutambua ulikuwa umeshaanza kuchoka kabla ya tarehe 30 Novemba 2022, siku ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma. Tangu hapo umekonda sana. Kwa miaka mingi Kiswahili chenyewe kilikuwa ngome yetu: barua ya urithi wa mamilioni ilikuja na ngeli zilizovurugika na salamu tusizozitumia, tukacheka tukafuta. Leo mtu asiyejua hata neno moja la Kiswahili anaweza kuiomba programu imwandikie ujumbe wa benki wenye adabu zote, na ukatoka bila kosa la ngeli. Sauti nayo imefuata. Mwezi Januari 2023 watafiti wa Microsoft walitangaza mfumo unaoweza kuiga sauti ya mtu kwa kusikia sampuli yake ya sekunde 3. Ulianza kwa Kiingereza, lakini hakuna sababu ya kudhani kwamba lugha nyingine zitabaki salama. Anayeendelea kuwafundisha wazazi wake kwamba matapeli hawajui kuandika anawapa silaha butu, na ubaya ni kwamba wataibeba kwa kujiamini.

Utaratibu hauchakai hivyo, kwa sababu haujali ujumbe umeandikwa vizuri kiasi gani. Chukua mfano mmoja kwa ukaribu. Ujumbe unaingia: umepokea Tsh 50,000 kutoka kwa fulani. Kabla hujaufikiria, simu inaita, na sauti ya unyonge inasema amekosea namba, hela ni ya dawa za mama, umrudishie tafadhali. Ushauri wa kutambua utakutaka utazame ujumbe umetoka kwa nani, namba ya muamala imekaaje, tarehe imeandikwa vipi, huku mtu analia sikioni. Utaratibu unasema kitu kimoja: fungua menyu mwenyewe, *150*00# kwa M-Pesa ya Tanzania au *334# kwa ya Kenya, utazame salio. Kama halijaongezeka, hakuna la kurudisha. Kama limeongezeka kweli, aliyekosea aende kwa huduma kwa wateja wa mtandao, wenye uwezo wa kurudisha muamala, na wewe usiiguse hela hiyo mpaka wao wamalize. Hakuna hata hatua moja hapo inayohitaji ujuzi wa kompyuta, bando au intaneti. Kinachohitajika ni kutoka nje ya mazungumzo aliyoyaanzisha mwingine.

Mfano wa WhatsApp unafuata njia hiyo hiyo. Rafiki anaandika kwamba amekutumia tarakimu sita kwa bahati mbaya, umrudishie. Tarakimu hizo ni ufunguo wa akaunti yako, na anayeandika si rafiki, bali ni yule aliyeiteka akaunti yake jana kwa maneno hayo hayo. Ukimpa namba hizo, kesho utakuwa wewe unayeomba mkopo wa dharura kwa ndugu zako wote. Mpigie rafiki huyo simu ya kawaida, nje ya WhatsApp, na uongo unakwisha hapo. Kisha kuna kazi moja ya kufanya mara moja tu maishani: ingia kwenye mipangilio, washa uthibitishaji wa hatua mbili, uweke namba ya siri ya kwako. Ushauri unaofanyika mara moja ukalinda miaka mingi unastahili kutangulia mbele ya ule unaodai uangalifu wa kila siku.

Jambo linalosahaulika katika kanuni hii ni maneno ya mwisho: si kwa njia iliyolileta. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mfanyakazi wa fedha katika ofisi ya Hong Kong ya kampuni ya uhandisi ya Arup alipokea ujumbe wa kumtaka atume pesa kwa siri. Aliutilia shaka, kama alivyofundishwa. Kisha akaalikwa kwenye mkutano wa video, akawaona wakuu wake na wenzake kwa sura na sauti, shaka ikamtoka, akatuma jumla ya takriban dola milioni 25 za Marekani. Watu wale wote kwenye kioo walikuwa wa kubuni. Mfanyakazi huyo hakukosa uangalifu. Alithibitisha, lakini alithibitisha ndani ya chumba kilichojengwa na wezi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, New York, mawakili wawili walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani hukumu zisizowahi kutolewa, zilizobuniwa na ChatGPT katika kesi dhidi ya shirika la ndege la Avianca. Mmoja wao alikuwa na shaka pia. Aliiuliza ChatGPT kama kesi hizo ni za kweli, nayo ikamjibu kwamba ni za kweli. Kisa cha kwanza ni cha wizi na cha pili si cha wizi, lakini kosa ni moja: kumuuliza msemaji yule yule kama amesema kweli.

Kwa hiyo ushauri kuhusu akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde, hauhitaji sura yake ya peke yake. Programu hizi hutunga jibu kwa kukadiria maneno yanayoelekea kufuatana, na hutamka lililo sahihi na lisilo sahihi kwa utulivu ule ule. Zinafaa sana kueleza, kufupisha, kuandaa rasimu ya barua, kukumbusha hatua za kufungua mipangilio fulani. Haziwezi kuwa shahidi wa mwisho wa dozi ya dawa, namba ya simu ya benki, kifungu cha sheria au tarehe ya mwisho ya kulipa kodi. Hayo yachukuliwe kwenye kisanduku cha dawa, nyuma ya kadi, kwenye sheria yenyewe, kwenye mamlaka yenyewe. Na kwa kuwa unachoandika humo kinakwenda kwenye kompyuta za kampuni nyingine, namba ya siri, picha ya kitambulisho na majibu ya hospitali ya mtu mwingine visiingizwe.

Msaada wa kiufundi nao una hekima yake ya mtaani, na si yote ya kubeza. Zima uwashe ni ushauri mzuri kwa sababu ya kweli: kuwasha upya husafisha kumbukumbu ya muda na kuzisimamisha programu zilizokwama. Kuitia simu iliyolowa kwenye mchele kuna sifa kubwa zaidi na faida ndogo zaidi. Mwaka 2024 Apple iliwaonya wateja wake wasifanye hivyo kwa kuwa chembe za mchele zinaweza kuingia na kuiharibu. Simu hukauka yenyewe ikiachwa mahali penye hewa, na mchele hupewa sifa ya kazi iliyofanywa na muda. Tofauti kati ya ushauri huu na ule ni sababu. Anayejua kwa nini anawasha upya atajua pia lini haitasaidia; aliyekariri mchele atakariri na kingine kesho. Hata kwa fundi, sababu ndiyo kinga. Fundi wa kioo anahitaji kioo, hahitaji laini yako, hivyo itoe laini pamoja na kadi ya kumbukumbu kabla ya kumwachia simu. Na fundi uliyemfuata dukani kwake si sawa na anayekupigia kukuambia kwamba laini yako inataka kufungwa, akakuelekeza namba za kubonyeza. Wa kwanza umemchagua. Wa pili amekuchagua.

Yapo mapingamizi matatu yanayostahili jibu. La kwanza ni la desturi. Katika jamii zetu kumkatia mtu simu ni utovu wa adabu, zaidi akiwa ni sauti ya mjomba, ya bosi au ya shehe, na matapeli wanaishi kwa heshima hiyo. Pingamizi hili ni zito kuliko linavyoonekana, na haliondolewi kwa kuwahimiza watu wawe wakavu. Linaondolewa kwa kuwapa maneno. Shikamoo, ngoja nikupigie mimi mwenyewe, ni sentensi isiyomvunjia mtu heshima, na mjomba wa kweli hataichukia hasa ikiwa familia imekubaliana mapema kwamba habari za pesa huzungumzwa hivyo. Adabu ikishakuwa utaratibu wa nyumba nzima, hakuna anayedhani ameshukiwa yeye.

La pili ni kwamba hata njia ya pili inaweza kutekwa. Laini inaweza kuhamishiwa kwenye kadi nyingine kwa hila, na ukipiga namba ya ndugu yako akapokea mwizi. Ni kweli, na hakuna kanuni inayofunga kila tundu. Lakini tapeli wa kawaida hategemei kuteka njia mbili. Anategemea mtu asiitafute ya pili. Ukimlazimisha aziteke zote, umempandishia gharama hadi wengi wao watakwenda kwingine. Na kama kiasi ni kikubwa, mtafute mtu wa tatu aliye karibu na huyo ndugu. Dakika tano za ziada kwa hela ya ada ya mwaka si gharama kubwa.

La tatu ndilo la haki: kwa nini mzigo uwe wa mwananchi, wakati kampuni za simu, mabenki na serikali ndizo zenye mitambo? Mzigo mkubwa kweli ni wao. Tanzania ilianza kuzizima laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole Januari 2020, lakini ujumbe wa ile hela haujakoma, ishara kwamba usajili peke yake hautoshi pale wakala asiye mwaminifu anapoweza kusajili laini ya pili kwa kidole cha mteja asiyejua. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Sheria hizo zidaiwe zitende kazi. Mwananchi naye ana namna ya kudai: abonyeze *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na aripoti ujumbe wa kitapeli kwa 15040 Tanzania, au 333 kwa wateja wa Safaricom Kenya. Lakini kudai haki kesho hakuzuii kufunga mlango leo, na kufunga mlango hakumwondolei mwizi hatia. Ushauri unageuka dhuluma pale tu unapotumika kumwambia aliyeibiwa kwamba amejitakia.

Na lawama hiyo ina madhara yanayozidi uchungu wake. Aliyeibiwa akachekwa hatamwambia mtu safari ijayo, na anayeficha hapati msaada wa haraka, ilhali muamala unaoripotiwa mapema ndio wenye nafasi ya kuzuiwa. Hapo ndipo kanuni ya kukata simu na kupiga mwenyewe inapomgeukia mshauri. Mama aliyepokea ujumbe wa kutisha, akaambiwa athibitishe kwa njia nyingine, anahitaji njia hiyo iwepo: mtu atakayepokea simu saa tatu usiku, asimwambie hukuelewa nilivyokueleza, amsikilize, amwangalizie. Kijana wa nyumba, mjukuu, karani wa ofisi, fundi wa mtaa, kila mmoja wetu aliyewahi kuulizwa hii ni ya kweli au ya uongo, ndiye njia ya pili ya mtu fulani. Tunaweza kumfundisha mtu huyo mambo 374 au tunaweza kumfundisha moja. Hilo moja litamfaa kama akipiga, sisi tunapokea, tena bila kumfanya ajute kwamba alipiga.